Aliyeandika kwa Jina Lako

Rafiki yangu Ambakisye,

Tangu tukuzike mvua imenyesha vizuri huku Itumba, na mimi nimegeuka mtu wa kushuku watu.

Ile wiki ya kikundi chetu cha kahawa, kamusi yetu ya pamoja, bado ipo kwenye mtandao. Kila neno lina ukurasa wake, kila mwanachama anaruhusiwa kurekebisha maana, na programu yako inasoma maana hizo ndipo inajua nani aingie kwenye orodha ya kugawiwa miche. Ulikuwa ukisema, "Mashine haina akili, ina maana tulizoipa tu." Nilikuona unajidai.

Siku chache baada ya matanga nilifungua ukurasa wa "mkulima". Maana niliyoiandika mimi, kwamba mkulima ni mwenye shamba lililoandikwa kwa jina lake, ilikuwa imeongezewa maneno: "au anayelilima baada ya mwenyewe kufariki." Historia ya ukurasa ilionyesha jina lako. Nikakasirika. Nani huyu anayejificha nyuma ya marehemu?

Nikafuta. Kesho yake yakarudi. Nikafuta tena, yakarudi tena. Mara tatu, Ambakisye. Nilimshuku katibu wa kikundi, maana analima shamba la marehemu kaka yake. Hata salamu yake nilikuwa naiitikia kwa shingo upande. Usinicheke.

Jana nilipanda pikipiki hadi kwako Ibaba, niichukue kompyuta yako kabla huyo mjanja hajaendelea. Nikamkuta shemeji Tusekile, mkeo, sebuleni, kompyuta iko wazi mbele yake, kando ya ungo wa maharage. Hakushtuka. Alinikaribisha kiti, akasema, "Afadhali umekuja, shemeji. Kila nikiandika, kuna mtu anafuta."

Akanionyesha kilichotokea. Siku katibu alipoingiza kwamba umefariki, programu ililiondoa shamba lako orodhani, na mkeo pamoja nalo. Ilifuata maana yangu neno kwa neno. Nikakumbuka ulivyoniuliza kwenye ukurasa wa majadiliano, "Na wake zetu je?" Sikukujibu. Nilidhani unanichokoza. Naona aibu, rafiki yangu, naona aibu sana.

Nimemwomba radhi yeye, na katibu pia. Nimerudisha maneno ya mkeo, nikamfungulia akaunti yenye jina lake, asiazime tena la kwako. Miche ikifika nitaipeleka Ibaba mimi mwenyewe, ya kwake kwanza.

Pumzika, Ambakisye. Hukupata jibu ulipokuwa hai. Leo nimeliandika, chini ya swali lako: "Nao ni wakulima."