Injini Niliyoinunua kwa Mtamba

S.L.P. 38,
Kitengela.
14 Agosti 1999

Mpendwa ndugu yangu Mwololo,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Lusaka, pamoja na wifi yangu Mbithe na watoto. Je, kifua chake kimepata nafuu? Sisi huku tu wazima, ila goti langu la kushoto hulalamika kila asubuhi, nami silisikilizi. Mvua ilikatika mwezi wa Mei, na nyasi zimekauka kutoka hapa mpaka Isinya.

Barua yako ya mwezi uliopita niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza sikuamini kwamba mwandishi wake ni mtoto niliyemfundisha kusoma. Unaniambia nitie sahihi kwenye risiti ya uongo ya fundi Mburu ili mambo yaishe. Sikutia.

Unaikumbuka pikapu aliyoniachia marehemu mume wangu, ile Pijo 404. Injini yake ilikuwa imechoka. Nikipakia mapipa manne ya maji, ilizimika kilimani, na ndama wakashinda na kiu. Jirani yetu Sankale alikuwa na Pijo 504 iliyopinduka. Bodi ya gari ilibondeka, lakini injini ilikuwa nzima, tena kubwa kuliko yangu. Sankale alikataa fedha. Alimtaka mtamba wangu mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Tulipatana mbele ya wazee wawili wa kwao, akamswaga mtamba, nami nikachukua injini. Fundi Mburu aliifunga kwa siku tatu. Sasa kilima kile nakipanda bila kusimama.

Mwezi wa Juni askari wa barabarani alifungua boneti, akalinganisha namba ya injini na ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Hazikulingana. Akanipa muda niisajili injini hiyo, la sivyo gari lizuiliwe. Huko Nairobi wanakosajili magari wakataka risiti ya ununuzi. Mimi ningeitoa wapi?

Mburu alicheka. "Mwalimu, hii ni kitu rahisi. Nakuandikia risiti ya duka, unaweka sahihi, tunakunywa chai."

"Duka gani?"

"Lolote tu. Kitengela yote inaendesha na risiti ya hewa."

"Basi Kitengela ipungue gari moja," nikamjibu.

Nawe ukaniandikia kwamba uongo mdogo haumdhuru mtu. Fikiri, Mwololo. Ikiwa niliinunua injini dukani, mtamba mwenye chapa yangu anafanya nini zizini kwa Sankale? Huku watu hufungwa kwa ajili ya ng'ombe asiye na maelezo. Ungetaka nimwachie mzee huyo kesi ya wizi wa mifugo ili mimi niteke maji kwa raha?

Nilikwenda Kajiado na Sankale na wale wazee wawili, tukaapa mbele ya wakili. Karani wake alikuwa kijana nadhifu. Akasema, "Mama, hapa kwa bei lazima niandike shilingi."

"Hazikuwepo."

"Weka hata kidogo tu."

Sankale akainama mezani. "Kijana, andika mtamba. Ukiandika pesa, kesho utaniambia nimrudishie Mwalimu pesa ambayo hakunipa."

Akaandika mtamba, rangi yake na baka lake.

Kule Nairobi ofisa wa dirishani aliwasomea wenzake kiapo hicho kwa sauti, wakacheka mpaka wakafuta machozi. Akaniambia nilete risiti ya kweli. Nikamwomba aniandikie kwa mkono wake kwamba Serikali haimtambui ng'ombe. Hakuthubutu. Nikarudi siku tatu mfululizo na chupa yangu ya chai, nikaketi kwenye benchi mbele yake. Siku ya tatu mkubwa wake alitoka kuuliza mama huyu anangoja nini. Akasoma kiapo, akanitazama.

"Huyo mtamba amezaa?"

"Ana mimba, bwana."

"Basi alikuwa bei nzuri," akasema, akatia mhuri.

Alhamisi nilikabidhiwa kitabu. Namba iliyo kitabuni ndiyo iliyo kwenye injini, na hakuna aliyeipata kwa uongo. Sikuomba radhi kwa mtu yeyote, wala sitaomba kwako.

Wasalimie Mbithe na watoto, Munguti na Kavutha mdogo. Binti yangu Nzilani anakusalimu, na wazee wa kanisa wanakuulizia. Mungu akulinde safarini na kazini, akupe pia ujasiri wa kusema kweli inapokuchelewesha.

Ukija Desemba, nitakupokea stendi kwa gari hilo. Utapanda nyuma pamoja na mapipa. Kiti cha mbele ni cha Sankale.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokukemea,

Phylis Nzula