Injini Inasemaje, Baba?

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mafua ya huku yamenikalia kooni. Goti lako linaendeleaje? Simu hutaki, unasema ni kelele tupu, basi nakuandikia.

Nimepata kazi ya jikoni kwenye hoteli iliyo ng'ambo ya milima, naanza tarehe ishirini. Basi halifiki huko na vyumba vya kupanga hakuna. Kuna mwalimu mstaafu anauza gari lake la kulala, lina kitanda, jiko la gesi na mapazia ya maua. Nikikosa gari nimekosa kazi, na nikikosa kazi narudi nyumbani. Jirani na ninapokaa yupo fundi, lakini simjui. Mafundi wenzako walikuwa wakikuletea magari uyasikilize tu, unafumba macho, unataja ugonjwa. Nimerekodi injini ikiunguruma, nimekutumia kwenye simu. Inasemaje, Baba? Ukisema ndiyo, nanunua.

Binti yako

5 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, linatabiri mvua kuliko redio. Kunywa maji ya moto.

Nenda asubuhi bila kumwarifu mwalimu, uweke kiganja juu ya boneti. Ukikuta ina joto, ameipasha injini ili kuficha jambo. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona povu kama maziwa, aga uondoke. Inua zulia, papasa unyevu. Na usimwonyeshe kwamba umependa mapazia.

Sauti nimeisikiliza mara tatu. Injini safi. Nunua.

Baba yako

9 Machi

Baba,

Shikamoo. Mafua yameisha. Gari ni langu! Boneti ilikuwa baridi, povu hakuna, zulia kavu. Mapazia niliyasifia, nisamehe, yalinishinda.

Nikikanyaga mafuta kwenye mlima kuna kitu kinagonga. Kwa kuwa ulishasema injini ni safi, nimejua ni sufuria za kabatini. Nimezifunga kwa taulo.

Binti yako

17 Machi

Baba,

Shikamoo. Sijaumia.

Injini imekufa katikati ya mlima. Lori la maziwa limenivuta hadi gereji ya mji mdogo, fundi wake ni mama mmoja mnene asiye na maneno mengi. Amesema beringi ya konrodi, ule mkono unaosukumwa na pistoni, imesagika hadi konrodi ikatoboa bloku ya injini. Nikamchezea ile rekodi. Hakuimaliza. Akasema, "Hii ilikuwa inagonga tangu siku hiyo. Nani alikwambia ni nzima?"

Nikamjibu, rafiki tu. Niliona aibu kusema ni baba yangu, tena fundi.

Siku tatu zimebaki kazi ianze, na sina gari. Baba, ulisikia nini?

Binti yako

30 Aprili

Mwanangu,

Natumaini hujambo. Barua hii nimeiandika mara nne, nikachana tatu.

Sikusikia kitu. Sikio la kushoto liliniaga miaka mitatu iliyopita, la kulia likafuata kabla hujasafiri. Ni kelele za grenda na nyundo za bodi, miaka thelathini. Kule gereji nilikuwa natumia ujanja: ncha ya bisibisi naiegemeza kwenye injini, mpini nauuma kwa meno, mtikisiko unapanda hadi kwenye fuvu na ugonjwa naujua. Watu wakadhani ni madaha ya ufundi.

Rekodi yako ilinishinda. Niliiuma hata simu yenyewe, mwanangu, nikaambulia ladha ya plastiki. Ungependa nikwambie nini, kwamba fundi uliyemsifia hayupo? Nikaandika safi. Nilijipa moyo kwamba ukipima boneti na oili itatosha. Nimekukosesha kazi kwa sababu ya aibu yangu. Nisamehe. Gereji nimeifunga.

Baba yako

6 Mei

Baba,

Shikamoo. Kazi ya hoteli amepewa mwingine. Sijarudi nyumbani kwa sababu yule mama fundi amenichukua nimsaidie kazi. Naosha vipuri kwa mafuta ya taa wakati tunasubiri injini kuukuu ya gari langu. Usiku nalala garini uani kwake.

Nina hasira na wewe, sitakuficha. Lakini kuna jambo linanizunguka kichwani tangu nisome barua yako. Siku niliyoondoka nilisimama mlangoni pa gereji, begi mgongoni. Ulikuwa bombani unanawa grisi, umenipa mgongo. Nikasema, "Baba, naenda, niombee." Hukugeuka. Nikasema tena. Ukaendelea kunawa. Teksi ikapiga honi, nikaondoka nikijua umenisusa kwa sababu nakuacha peke yako. Nimelia kwa ajili hiyo katika vyumba vya wageni visivyo na idadi.

Binti yako

11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Afya njema, mboga za uani zimeota.

Nilipogeuka siku ile, mlango ulikuwa mtupu. Nikasimama na taulo mkononi. Nikamwambia muuza spea, nikamwambia shangazi yako na kila aliyeniuliza, kwamba binti yangu ameondoka bila kuniaga. Iliniuma, na nilitaka wajue.

Leo asubuhi nimewapitia mmoja mmoja, goti likinilaani njia nzima. Nimewaambia uliniaga, tena mara mbili, na kwamba mimi ni kiziwi. Shangazi yako amelia. Muuza spea akachukua boksi la plagi, akaniandikia juu yake: "Na wewe ulimjibuje?"

Nimerudi nyumbani moja kwa moja nikujibu, sijavua hata viatu. Nenda salama, mwanangu. Mungu akutangulie.

Baba yako