Barua Zilizokuwa Chini ya Kitanda cha Mama

Wolverhampton,
Jumapili, baada ya kanisa

Dada yangu Icilda,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Cleve, na kwamba kile kikohozi chake kimepungua tangu mvua ziishe huko Frankfield. Mimi mwili haujambo, roho ndiyo inayochemka. Nimekupigia simu mara saba, na mara zote saba ukisikia sauti yangu unakata. Basi nimeshika kalamu. Ukitaka kuichana barua hii ichane, ila isome kwanza mpaka mwisho.

Yako niliipata Alhamisi. Umeniambia kwamba usiku wa tisa wa matanga mlihamisha kitanda cha marehemu Mama na kugeuza godoro, ili roho yake ikirudi isikitambue chumba na iende zake salama, na kwamba Frankfield nzima ilikuwapo isipokuwa mimi. Chini ya kitanda mkakuta sanduku lenye barua zangu zote. Ukasema mtu anayeshindwa kumzika mama yake kwa sababu ya maumivu ya nyonga, barua zake hazina haki ya kukaa nyumba ile, na utazichoma siku ya kusafisha uwanja. Dada, nakushika miguu, usizichome. Tulia nikueleze.

Mwaka jana shuleni kwetu alikuja mwalimu mkuu mpya, akataka wapishi wote tulete pasipoti, kuonyesha tuna haki ya kufanya kazi nchini. Mimi ya kwangu sijawahi kuwa nayo. Unakumbuka nilitoka Jamaika kumfuata Baba huku Uingereza mwaka 1966, nina miaka tisa, jina langu limeandikwa ndani ya pasipoti ya Shangazi Una, kama walivyokuja watoto wengi. Nani aliwaza kuuliza zaidi? Tulizaliwa chini ya bendera yao, tukapangwa mstarini kuiimbia. Nikamwambia yule mwalimu mkuu, mwanangu, hawa watoto unaowaona, wazazi wao niliwapikia kastadi mimi. Akasema anasikitika sana, lakini sheria ni sheria. Kazi ya miaka thelathini na moja ikaisha asubuhi moja, viazi vikiwa bado jikoni. Wakanipa kadi yenye picha ya maua. Kadi, Icilda!

Nikaenda kwa watu wa uhamiaji. Kijana wa dirishani akaniambia nithibitishe kwamba nilikuwa nchini kabla ya 1973, kwani waliofika kabla ya mwaka huo ndio wenye haki ya kukaa. Kodi nimelipa tangu nina miaka kumi na saba, na rekodi anaziona mbele yake. Lakini kabla ya hapo nilikuwa mtoto, na mtoto halipi kodi. Shule niliyosoma ilibomolewa, madaftari yake hakuna anayejua yalikotupwa. Shangazi Una amekufa, na pasipoti yake haionekani. Nikamuuliza yule kijana, sasa unadhani nilidondoka kutoka mawinguni? Hata uso hakuinua. Akasema wengi wanadai hivyo. Kisha akanisukumia kijitabu cha kunifundisha namna ya kurudi “kwetu”, kikinishauri nikifika Jamaika nijitahidi kuongea kama Mjamaika. Mimi! Nilitamani kumrushia usoni.

Jirani yangu Linval, aliyeendesha basi mji huu mpaka mgongo ukapinda, alikisoma akacheka mpaka akavua miwani. Akasema, “Doreth, walitubembeleza tuje tuwaendeshee mabasi, leo wanauliza nani alitufungulia mlango!” Nilicheka naye, halafu nikaingia ndani nikalia.

Sasa sikia jambo ambalo sijamwambia mtu wa nyumbani. Nyonga yangu haina kitu. Siku uliyoniambia Mama amefariki nilikuwa nimeshatoa gauni jeusi kabatini. Wakili anayetusaidia pale kanisani akaniambia nikitoka tu, hawataniruhusu kuingia tena. Na huku ndiko aliko binti yangu Marcia na mapacha wake. Nikabaki. Miaka yote hiyo nilikuwa nikijigamba kwako kwenye simu kwamba mimi ni Mwingereza kamili, ningeanzaje kukwambia kwamba Waingereza wamenikana? Niliona aibu, nikasingizia nyonga. Nimekukosea wewe, na Mama nimemkosea zaidi.

Zile barua, Dada, ndizo ushahidi pekee uliobaki. Kila mwezi Baba alinikalisha mezani nimwandikie Mama kwenye ile karatasi ya bluu ya barua za ndege, inayokunjwa ikawa bahasha. Kila moja ina muhuri wa posta wa Wolverhampton, na tarehe, na mwaka. Wakili anasema zinatosha, ila zifike kabla ya tarehe ishirini na nane, siku ya mwisho waliyonipa watu wa uhamiaji. Ukizisoma usishangae. Nilimwandikia Mama kwamba nina chumba changu na kwamba mwalimu ananipenda. Tulilala watano chumba kimoja, na mwalimu alinikalisha nyuma kabisa, akisema siwezi kufundishika. Baba alikuwa amesimama begani kwangu, nami nikaandika alichotaka Mama asikie. Maneno yote yale ni uongo, lakini mihuri ni ya kweli.

Zitume kwa posta ya haraka, hata kama bado umenikasirikia. Na kama umeshazichoma, usijisumbue kunitukana. Niandikie neno hilo moja tu, nijue, nianze kufunga mizigo.

Nisalimie shemeji Cleve, mchungaji, na wote walionisema vibaya usiku ule. Walikuwa na haki. Ukipita kaburini, mwambie Mama nilitaka kuja.

Ni mimi mdogo wako,
Doreth, ambaye nyonga yake ni nzima