Klova ya Baba Imekauka

Shamba la Haugen,
Viroqua, Wisconsin.
9 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu Merritt,

Pokea salamu za dada yako kutoka huku nyumbani. Hujambo wewe na Joyce? Goti lako je, limepata nafuu? Sisi ni wazima wa mwili, ila moyo wangu hautulii, na sababu utaisikia.

Mvua imetuonea huruma mwaka huu, mahindi yamenipita urefu. Mume wangu Gordie ameshaanza kukarabati kibanda cha kuwindia. Nimemwambia jiko langu halijawahi kutengenezwa kwa bidii hiyo, naye anacheka tu.

Sasa nikupe la klova, yale majani ya Baba ya kulishia kulungu. Machi, Baba aliimwaga mbegu juu ya barafu kama kawaida yake, ardhi ikapasuka kwa baridi na kuimeza yenyewe. Iliota nene, Merritt. Kulungu wakawa wanaleta watoto wao hadi karibu na ua, na Baba alikaa barazani kila jioni kuwatazama mpaka kahawa ipoe mkononi mwake.

Mwezi uliopita nyasi zilianza kuisonga. Baba akawasha trekta akapulizia dawa shamba zima, mimi nikiwa mjini. Niliporudi nikakuta galoni tupu ghalani. Ni dawa ya uani, ile inayoua klova na kuacha nyasi, badala ya ile inayoua nyasi na kuacha klova. Na huyu ndiye mtu aliyewafundisha majirani wote kutofautisha dawa hizo mbili. Nilikaa juu ya ndoo nikalia.

Klova imekauka yote, nyasi ndizo zinazostawi. Kulungu wanafika ukingoni mwa msitu, wananusa, wanarudi zao.

Unakumbuka alivyotuambia mezani, tukila bata mzinga: "Siku nitakayokosea klova yangu, ninyang'anyeni funguo za trekta, na msinibembeleze." Tulicheka sana siku ile. Siku yenyewe imefika, nami sina ujasiri.

Jana alisimama katikati ya shamba, akang'oa bua kavu akalisugua viganjani. Nilidhani atakumbuka. Akanigeukia kwa hasira akaniuliza nani kafanya upuuzi huu. Akamwona Gordie nyuma yangu. "Ni wewe, eh? Mkwe wangu klova hajui, kabichi hajui. Lorna, mnyang'anye huyu funguo kabla hajatumaliza."

Gordie akavua kofia. "Ni mimi, mzee. Unisamehe."

Baba akampiga begani, akamwambia kukosea kupo, twende ghalani nikuonyeshe dawa yenyewe. Wakaenda wameongozana. Sijawahi kumpenda mume wangu kama nilivyompenda pale, wala kuogopa kama nilivyoogopa.

Gordie anasema tukilima sasa na kutia chokaa, tutawahi kupanda tena kabla ya baridi. Klova itarudi, hilo nalijua. Baba ndiye sijui kama atarudi. Usingoje msimu wa kuwinda, ndugu yangu. Njoo sasa, kwa kuwa neno lile alituambia sote wawili na siliwezi peke yangu.

Funguo ninazo mfukoni mwa aproni tangu jana. Asubuhi hii Baba anazitafuta nyumba nzima, na Gordie anamsaidia kuzitafuta.

Msalimie sana Joyce, na shangazi Verna ukimpigia simu. Mungu akufungulie njia na akufikishe salama.

Dada yako akupendaye,
Lorna