Shamba la Mollo Lisiningoje

Muheza, Tanga
Jumanne, 11 Februari 2025

Dada yangu Skolastika,

Shikamoo. Huu ni mwaka wa arobaini na tatu tangu nipande lori la mahindi pale Laela nikiwa na blanketi moja na kitabu kimoja. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Mjukuu wako Oresta ameniandikia kwamba linakuuma kila mvua zinapoanza, na kwamba unalima nalo hivyo hivyo. Na mwanawe, ameshaacha kuogopa kuku? Mimi ni mzima kiasi cha kuamka na kujichemshia uji. Tangu mke wangu afariki nazungumza zaidi na redio. Nisikuchoshe na hayo, maana siku zenyewe hazitoshi.

Naomba barua hii isomwe Jumapili hii, baada ya misa, ndugu wote wakiwa wamekaa. Asome Oresta. Mdogo wetu Fulgensi akitaka kuipokea ili asome yeye, asipewe.

Barua ya Oresta ilinifikia wiki tatu zilizopita, imeandikwa kwenye karatasi ya daftari pande zote mbili. Mengi aliyoyaandika mnayajua, ila nataka yasikike. Alipata mtoto akiwa kidato cha pili, akakaa nyumbani miaka miwili, kisha akarudi darasani na kukaa na watoto waliomwita mama kwa kumcheka. Leo yuko kidato cha tatu. Anatoka Mollo alfajiri kwa miguu hadi shuleni mjini, anamwachia bibi yake mtoto, na jioni anasoma huku akinyonyesha. Anataka kuwa mkunga. Chakula cha nyumba hiyo, daftari na viatu vyake, vyote vinatoka kwenye shamba lile moja. Mwishoni ameandika hivi:

"Babu, babu Fulgensi amemleta mnunuzi wa mahindi kutoka Laela. Wamepima shamba kwa hatua. Bibi alipowauliza mnapima nini, wakasema wananyoosha miguu. Babu Fulgensi anasema mwenye shamba ni wewe, na umeahidi kurudi, kwa hiyo bibi hana neno. Unarudi lini? Nimeshaacha shule mara moja. Nikiacha mara ya pili sitaweza tena."

Dada, nilishusha mkoba siku ile ile. Jirani yangu Mama Zaina, anayekaanga vitumbua hapa nje, aliponiona nao alishika kiuno.

"Mzee Anselmi, uhurumie mkoba huo! Kila mwaka unaupangusa vumbi, kisha unaurudisha juu ya kabati."

"Safari hii ni kweli."

"Haya. Ukifika utuletee ulezi. Usipofika, utununulie soda."

Nilifika stendi. Nikampigia Fulgensi simu, nikitaka kumwambia kwa kinywa changu kwamba shamba haliuzwi. Hakunipa nafasi.

"Shikamoo kaka! Kweli uko stendi?"

"Marahaba. Niko stendi. Nakuja kwa ajili ya shamba."

"Si ndiyo maana nakusubiri! Mbuzi nimeshamfunga. Hata siku mbili zinatosha, uweke saini tu. Yule bwana anaikataa yangu, anasema mkubwa ni wewe."

"Na dada je?"

"Dada amelitunza vizuri, nani anabisha? Lakini alikuwa anakutunzia wewe. Barua zako zote ninazo, kaka. Kila mwaka unaandika, narudi, niwekeeni mahali pangu. Nimemsomea hata yule bwana, akafurahi."

"Na masomo ya Oresta?"

"Ah, kaka! Oresta si ameshazaa? Atapata mtu wa kumwoa."

Basi lilikuja. Kondakta akaniuliza, "Mzee, unapanda au unasindikiza?" Liliondoka, nikabaki nimesimama pale na mkoba wangu.

Kwetu mnajua ilivyo. Shamba la mwana aliyesafiri halipewi mtu mwingine maadamu amesema anarudi. Anayelilima analilinda tu, na siku mwenyewe akikanyaga pale, ni lake, aamue na nduguze. Mimi nikiwa huku mbali niliiandika ile sentensi kila Desemba kwa sababu ilinipa joto. Nilikuwa nafunga macho naona upepo ukilaza nyasi za Ufipa, naona na kiti changu pembeni ya moto, halafu naandika: niwekeeni mahali pangu. Kumbe kila nilipoandika nilikuwa nakutoa wewe shambani, tena kwa mwandiko mzuri.

Utaniuliza, kwa nini nisipande basi, nije, nikatae mbele yao? Mwili wangu ungeiweza safari moja bado. Lakini najijua, dada, na wewe unanijua. Kumbuka siku ile mwalimu alipokuja nyumbani kumsihi baba. Ulikuwa darasa la saba, mimi la tano. Hesabu zangu ulizifanya wewe, ukinichorea kwa kijiti juu ya udongo tuliotoka kuupindua. Baba akasema anayeendelea na shule ni mmoja, naye ni wa kiume. Mwalimu akanigeukia: "Na wewe Anselmi, unasemaje? Dada yako aache?" Niliangalia vidole vya miguu yangu. Ulikuwa umesimama mlangoni na jembe, ukinisubiri niseme. Bado unanisubiri. Vitabu vyote nilivyosoma tangu siku ile vilitoka katika kunyamaza kule.

Nikija, nikakaribishwa kitini, nikachinjiwa mbuzi na kuitwa baba wa ukoo, nitanyamaza tena. Naliogopa jambo hilo kuliko kufa.

Shamba lile mimi nalijua jina. Wewe umelijua kwa kiuno chako. Kila masika, kama wiki hizi, unapindua udongo juu ya majani, unainua matuta ili majani yaoze ndani kwa ndani, na mwaka unaofuata unavunja matuta hayo na kumwaga ulezi. Fulgensi, hapo ulipokaa, waambie ndugu matuta ya mwaka jana yako upande gani. Oresta, acha kusoma kidogo, mpe nafasi ajibu.

Ndani ya bahasha kuna karatasi yenye saini yangu na muhuri wa mtendaji wa hapa. Mama Zaina ni shahidi. Inasema sehemu yangu yote ya Mollo nimekupa wewe Skolastika, na baada yako ni ya Oresta. Mtendaji alipogonga muhuri alinitazama akasema, "Mzee, mimi naweza kugonga. Kukubali ni kazi ya watu wa huko kwenu." Sijui kama watakubali. Silali vizuri. Naogopa mvua zitalichelewesha basi na bahasha ifike Jumatatu, ndugu wakiwa wametawanyika na Fulgensi ameshampata mtu wa kusaini badala yangu. Kama kuna njia nyingine, dada, sikuiona. Nimetafuta.

Oresta, mjukuu wangu, usilie hapa. Ukilia watasema ni mtoto. Soma hadi mwisho, kisha kesho yake nenda shule.

Msalimie mke wa Fulgensi, aliyekuwa akikuletea maji goti lilipovimba. Msalimie katekista mzee, kama bado anakosea namba za nyimbo. Mbusu mtoto wa Oresta, mwambie babu yake mkubwa anamwogopa kuku pia.

Zile barua ambazo Fulgensi amezihifadhi, zichomwe. Nilipoziandika niliamini, lakini hazikuwa kweli hata moja. Kiti changu apewe anayekihitaji. Mkoba nimempa Mama Zaina, anawekea unga. Asiwepo mtu wa kusema tena kwamba mwenye shamba yuko njiani.

Mdogo wako,
Anselmi

Sitarudi.