Siagi au Si Siagi

S.L.P. 418,
Chumba cha tatu, juu ya duka la vioo.
Tarehe 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linasemaje? Wifi aliniambia umeanza kupanda ngazi bila kushika ukuta. Nikafurahi, halafu nikaogopa, maana nakujua: ukipona kidogo tu unataka kuhamisha makabati. Tulia, Shangazi. Na macho je, yale matone uliyopewa yanasaidia, au umeyaacha kwenye mkoba kama ya mwaka jana? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inayochemka.

Najua kaka amekwisha kukupigia simu. Najua na alichosema, kwa sababu mkewe alikuwa pembeni akisikia: kwamba ndugu yake wa tumbo moja amemfungia kiwanda. Sasa kaa vizuri, usikie na upande huu.

Kaka aliagiza kutoka nje maboksi mia nne ya mafuta ya maziwa yaliyochanganywa na sukari, ya kutengenezea biskuti zake. Kuyatoa forodhani akanipa mimi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Huko forodhani, Shangazi, kila kitu duniani kina namba yake kwenye kitabu kinene kuliko tofali. Siagi ina namba yake, na ushuru wake ni mzito. Mchanganyiko kama wa kaka una namba nyingine, nafuu. Hati za muuzaji zilisema mafuta sitini na sukari arobaini katika kila mia. Nikaandika namba ya mchanganyiko. Nilikuwa na haki, na bado nina haki.

Mkaguzi wetu tunamwita Bwana Koma, maana hapiti koma bila kuisimamia. Alifungua boksi moja, akanusa, akabonyeza kwa kidole gumba.

"Hii siagi," akasema.

"Ina sukari, mzee."

"Mtu akipaka siagi kwenye mkate, siagi inageuka kuwa mkate?"

Bohari zima likacheka. Mimi nikabaki natabasamu kama aliyejing'ata ulimi.

Sampuli ikapelekwa maabara. Ikakaa siku nne juu ya kabati, karibu na birika la umeme la chai, ikayeyuka. Sukari yote ikazama chini. Mkemia akachota juu, akapima, akaandika kwamba ni mafuta karibu matupu. Unaliona balaa hilo? Ni sawa na kuonja chai bila kuikoroga, halafu ukamshtaki mpishi kwamba hakutia sukari!

Nikaandika barua ya kupinga. Ikapotea. Nikaandika ya pili, nikaipeleka kwa mkono, nikaambiwa mhuri uko kwa mtu aliye likizo. Nilikaa kwenye benchi lile, Shangazi, mpaka nikazijua nyufa zote za ukuta ule. Wiki ya tano ndipo walipokubali kuchukua sampuli nyingine, safari hii kwa kutoboa boksi kutoka juu mpaka chini.

Wakati huo wote kiwanda cha kaka kimesimama. Wafanyakazi tisa wanakuja asubuhi, wanafagia sakafu iliyo safi, wanarudi nyumbani. Sikatai, iliniuma. Mpakiaji mkuu, yule mama mjane mwenye kicheko kikubwa, alinisimamisha njiani akaniuliza kama atafute kazi kwingine.

Ndipo kaka akaja ofisini. Hakukaa.

"Andika mafuta ya mimea, hayana ubishi, yaishe. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na Bwana Koma naye."

"Hata mgeni angenisaidia kuliko wewe."

"Basi katafute mgeni."

Nilisema kwa hasira, na neno likishatoka halirudi. Akakusanya hati zake, akaondoka. Akampata wakala mmoja mwenye ulimi wa asali, aliyeingiza tamko jipya la forodha siku ileile: mafuta ya mimea.

Siku mbili baadaye majibu ya maabara yakatoka. Mafuta sitini na moja, sukari thelathini na tisa. Tulikuwa tumeshinda! Siku mbili, Shangazi. Mtu kavumilia wiki tano, akaja kushindwa na siku mbili. Sasa forodha wana karatasi mbili za mzigo mmoja, moja ya kweli, na moja ya uongo yenye sahihi ya kaka. Mzigo ukazuiwa kabisa. Yule wa ulimi wa asali, simu yake haipatikani mpaka leo.

Nikaitwa kwenye kikao. Meza ndefu, feni inayolia, kaka upande ule, mimi upande huu. Mwenyekiti akaniuliza kama kaka alijua kuwa mzigo si mafuta ya mimea. Nikamtazama kaka. Yeye akatazama kucha zake.

"Alijua," nikasema. "Na mimi ndiye niliyemwambia akatafute mtu mwingine."

Nilidhani udugu umekwisha pale pale. Mara Bwana Koma, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu, akasimama. Akasema sampuli ya kwanza iliharibikia mikononi mwao, na isingeharibika, huyu bwana asingefika kwenye uongo. Akakaa, akaendelea kusoma karatasi zake. Nilitamani kumshukuru na kumzaba kofi kwa pamoja. Wiki tano nzima maneno hayo alikuwa ameyaficha wapi?

Kaka akatozwa faini, akapewa onyo, na mzigo ukatoka kwa namba ileile niliyoiandika siku ya kwanza. Ileile! Kiwanda kimefunguliwa, lakini mpakiaji mkuu hakurudi. Alishapata kazi kwingine, na simlaumu.

Wiki tatu kaka hakunisemesha. Akakupigia wewe, kama tulivyokuwa tukikukimbilia utotoni, kila mmoja akitaka asikilizwe kwanza.

Jana asubuhi kaja. Samahani hakusema, unamjua, neno hilo kwake ni kama jiwe la figo. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akatoa hati za mzigo mpya, akazisogeza kwangu kwa kidole kimoja.

"Soma wewe kwanza."

Nikasoma. Mafuta sitini na tano, sukari arobaini. Nikajumlisha mara mbili, Shangazi: mia na tano! Nikamgeuzia karatasi, nikamwekea kidole pale. Akatazama, akafumba macho, akashusha pumzi ndefu. Kisha akavuta kiti karibu, tukaanza kumwandikia muuzaji, tukigombania kila sentensi.

Nisalimie baba mdogo na redio yake, binti yako mshonaji, na wale pacha wavivu wa kuandika. Mungu akuimarishie goti, na akuzidishie subira ya kutusikiliza sote wawili.

Akupendaye hata akiwa amenuna,
Mbishi wako.