Taa za Ng'ambo ya Daraja

Jumatatu, 12 Oktoba 1874

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba umeme ndio unaowaka ndani ya taa. Hapana! Kinachowaka ni gesi, ileile ya zamani, inayonuka vilevile. Umeme una kazi mbili tu: kuzungusha koki na kutoa cheche. Nimelieleza hili dukani leo kwa mara ya mia, kwa upole, kama nilivyokuwa nikieleza hesabu za sehemu darasani. Mwenye duka akasubiri nimalize. Kisha akauliza mbona taa ya thelathini na nne ilikuwa inawaka saa sita mchana — inalitafuta jua lilikopotelea? Wakacheka wote. Nusu yao nimewafundisha mimi kusoma.

Nieleze tena, hapa ambapo hakuna wa kucheka. Ninabonyeza kitufe hapa nyumbani mara moja jioni, mara moja asubuhi. Msukumo wa umeme kutoka kwenye betri yangu unapita kwenye waya, nguzo kwa nguzo, taa thelathini na nane. Kila taa ina sumaku yake na kigurudumu cha meno. Msukumo wa jioni: koki inafunguka, cheche inaruka, taa inawaka. Msukumo wa asubuhi: koki inafungwa. Taa haijui usiku wala mchana. Inajua zamu tu — fungua, funga, fungua, funga. Ikirukwa na zamu moja, itabaki kinyume, kama askari aliyekosea hatua kwenye gwaride: wenzake kulia, yeye kushoto, na uso mkavu! Itawaka mchana na kulala usiku mpaka mtu apande airekebishe kwa mkono.

Na nani anajua kupanda nguzo na kugeuza koki kwa mkono? Mji huu unaye mmoja. Asahel Greenman, shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu. Mwasha taa miaka kumi na tisa, hadi mwezi wa Mei, waya zilipokuja kwa ushauri wangu na baraza la mji likamnyang'anya ngazi. Anaishi ng'ambo ya daraja. Taa zinazoharibika zote ziko ng'ambo ya daraja. Mwenye macho haambiwi tazama.

Agosti alinijia mlangoni, kofia kichwani, hata salamu hakuna. Akadai taa zangu za ng'ambo zinanuka gesi jioni. Nilimweleza habari za cheche kwa muda wa nusu saa. Akaondoka katikati.

Taa ya kwanza, iliyo mbele ya dirisha langu, haijakosea hata siku moja. Nimeandika kwenye daftari, kama kila Jumatatu: Betri nzima.


Jumanne, 13 Oktoba

Leo ni tatu. Ya thelathini na nne, na tano, na saba. Zinawaka mchana kweupe, mvua ikinyesha! Nimebeba ngazi mwenyewe na kuzirekebisha. Ngazi ni ileile ya Asahel, herufi A.G. zimechomwa kwa chuma kwenye mguu wa kulia. Baraza liliniachia mimi. Mgongo unaniuma.

Asahel alikuwa amekaa barazani kwake akichonga kijiti. Hakuinuka.

— Shika chini, shemeji, hiyo ngazi haipendi wageni.

Mtu mzima hajibizani na chuki.


Alhamisi, 15 Oktoba

Amekamatwa! Tena mahali pabaya kuliko pote.

Taa ya thelathini na sita haina nguzo; imefungwa kwenye ukuta wa nyumba ya Mama Almy, mjane, chini kidogo ya dirisha la chumba chake cha kulala. Leo alfajiri konstebo Nichols amemkuta Asahel amening'inia pale kama popo, mguu mmoja juu ya kizingiti cha dirisha, mkono kwenye koki. Gesi imejaa hewani. Kuingia ndani, Mama Almy yuko sakafuni, chini ya ngazi za nyumba, anatapika, hajui jina lake. Daktari anasema saa moja zaidi na tungekuwa tunachimba kaburi.

Nichols alimuuliza Asahel anafanya nini. Akajibiwa:

— Kamuulize Mwalimu. Si ndiye anayejua kila kitu?

Basi. Hajasema neno lingine hadi sasa. Hata kwa jaji. Wamemwachia arudi kwake kwa ahadi kwamba hatagusa taa yoyote. Jumanne ijayo kuna mkutano wa mji. Kesi itasomwa hapo kwanza, mbele ya wote, kisha itapelekwa mahakamani. Nichols anasema ni miaka mingi gerezani, na Asahel ana sitini na mbili.

Kunichukia mimi ni haki yake. Lakini Mama Almy!


Ijumaa, 16 Oktoba

Bwana Tefft, mwenyekiti wa baraza, amekuja na karatasi. Anataka kauli yangu iliyotiwa saini: je, inawezekana taa ikafungua gesi bila kuwaka, yenyewe, pasipo mkono wa mtu?

Nikaandika: Kwa betri nzima, haiwezekani. Nikaweka saini. Akapuliza wino ukauke, akakunja, akaweka mfukoni.

— Neno lako tu linatosha, Mwalimu. Watu wanapiga kelele waya ziondolewe. Wakishajua ni mhalifu mmoja, watatulia.

Huldah, binti yangu, alikuwa mlangoni na sinia. Tefft alipoondoka, Huldah akauliza, kwa sauti ndogo:

— Baba, umemfunga mjomba?

— Amejifunga mwenyewe.

— Nyumba nzima ya mama imebaki na mtu mmoja. Huyo.

Nilimweleza kwamba undugu na ushahidi ni vitu viwili. Akaniacha na chai, imepoa.


Jumamosi, 17 Oktoba

Taa ya thelathini na tano na ya thelathini na nane jana jioni hazikuwaka. Baada ya ahadi yake! Nichols anasema hakumwona akitoka. Basi ametoka bila kuonekana. Popo ni popo.

Chakula cha Jumamosi: maharage yaliyolala ndani ya tanuri, na mkate mweusi. Huldah amepakua bakuli la tatu, akalifunika kwa kitambaa, akavaa shali, akatoka kuelekea darajani. Hakuniomba ruhusa. Ana miaka arobaini.


Jumapili, 18 Oktoba

Siku ndefu. Niandike yote kwa utaratibu.

Kanisani Asahel alikaa benchi lake, peke yake. Watu waliacha nafasi pande zote kama kwa mgonjwa wa ndui. Sauti zilisikika waziwazi: huyo ndiye, nusura amuue mjane wa watu. Alikuwa amenyoa. Wimbo wa pili ulipoanza, Huldah aliinuka kutoka kando yangu, akapita katikati ya kanisa viatu vikilia, akakaa kando yake. Macho yote yakageukia kwangu! Nilitazama kitabu. Sikumbuki wimbo.

Mlangoni akaniambia: mjomba anakula kwetu leo. Hakuuliza, alitangaza.

Kwa hiyo alikuja. Saa tisa alasiri alikuwa jikoni kwangu, kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya dada yake. Samaki wa kuchemsha na viazi. Tulikula kama watu wawili waliopangiwa behewa moja. Huldah akazungumza peke yake kuhusu tufaha. Saa kumi na moja na nusu niliinuka, nikaenda chumba cha kazi, nikabonyeza kitufe. Dirishani taa ya kwanza ikawaka, papo hapo, safi. Nilirudi mezani, nakiri, nikitamba.

— Inapendeza, Asahel akasema. Hiyo unaiona kila siku, eh?

— Kila siku.

— Na za mwisho?

— Msukumo ni ule ule.

— Akili nyingi huondoa maarifa, shemeji.

Huldah akaweka kijiko chini. Nilisema nitamsindikiza mgeni hadi kwake. Sikusema sababu: nilitaka kumchunga njia nzima, asije akanyoosha mkono. Hakuachana nami hata hatua moja. Goti lake la kushoto ni bovu, anatembea akihesabu hatua.

Kabla ya daraja taa zote zilikuwa zinawaka. Baada ya daraja, ya thelathini na moja, na mbili, na tatu — ndogo, lakini hai. Ya thelathini na nne, giza. Tano, giza. Tulipofika ukuta wa Mama Almy niliisikia kabla sijainusa. Ssss. Kama nyoka ndani ya jagi. Dirisha la juu lilikuwa na mwanga. Mama Almy alirudi jana kutoka kwa daktari.

Tangu saa tisa mtu huyu alikuwa machoni pangu.

Asahel alivua koti, akanipa nilishike. Akapanda. Mzee wa miaka sitini na mbili, bila ngazi, kwa magoti na kucha, akinguruma kwa maumivu, mbele ya shahidi aliyeandika kauli dhidi yake. Akafunga koki. Kimya. Alipoteremka alichukua koti lake mkononi mwangu.

— Nimefanya hivi tangu Agosti, shemeji. Jumatano ilinyesha, goti likakataa. Siku moja tu nilikosa.

— Mbona hukusema?

— Nilisema. Ukanifundisha.

Akafunga mbili za mwisho, akarudi nyuma, akafunga na zile mbili. Nami nilisimama chini ya kila moja, nikilishika tena koti.


Jumatatu, 19 Oktoba

Nimefungua kabati la betri. Nimefanya nilichopaswa kufanya kila Jumatatu tangu Mei: nimeinua kila bamba la zinki kutoka kwenye tindikali, nikalishika mkononi. Yameliwa. Mengine ni membamba kama karatasi, moja limekatika vidoleni mwangu. Nilikuwa siyainui kwa sababu ya mgongo. Nilikuwa nikitazama taa ya dirishani.

Kosa la watu wengi nimelitaja juu. Langu ni hili: nimepima waya mzima kwa taa iliyo karibu nami. Na kila nguzo huvuja kidogo, hasa waya zikilowa mvua. Betri ikichoka, wa mwanzo hawajui. Wa mwisho hupata msukumo wa kuzungusha koki tu, cheche haina nguvu ya kushika. Gesi wazi, moto hakuna.

Na lile la kuwaka mchana? Niliketi na penseli, nikalipata kwa dakika tatu. Taa imefunguka bila moto. Asahel anaifunga kwa mkono. Zamu yake imegeuka. Asubuhi betri imepumzika, ninabonyeza ili ifunge — yenyewe inafungua, inawaka. Kila taa iliyofanya nichekwe mjini saa sita mchana ni nyumba ambayo watu wake walilala salama usiku uliotangulia. Mimi nilikuwa nikipanda kuzirudisha, zifunguke tena jioni bila moto.

Mara ngapi "Betri nzima"? Nimehesabu. Ishirini na mbili, mwandiko mzuri.

Nilikwenda kwa Tefft kuomba karatasi yangu. Alinisikiliza hadi mwisho, mtu pekee wiki hii. Kisha:

— Umechoka, Mwalimu. Ulisaini ukiwa timamu.

— Nilisaini "kwa betri nzima." Haikuwa nzima.

— Nani ameiona?

— Mimi.

— Basi ni wewe peke yako. Mji unataka mtu wa kumlaumu, ukisema ni wewe watang'oa waya kesho na kukung'oa nawe. Asahel hana waya wa kung'olewa. Nenda kalale.

Hakunirudishia. Ataisoma kesho, saa nne asubuhi, kwa sauti yake ile ya mahubiri.

Zinki mpya nimeagiza mjini Providence; haziji kabla ya Alhamisi. Kwa hiyo leo jioni sikubonyeza kitufe; za ng'ambo zilizowaka asubuhi nilikwisha kuzifunga kwa mkono. Taa zote thelathini na nane, giza. Hata ya dirishani. Watu walipita barabarani wakinitukana kwa jina. Mmoja aligonga kioo kwa fimbo: kipofu wewe, washa! Nilikaa na mshumaa. Huldah alikaa nami, akishona.


Jumanne, 20 Oktoba

Saa mbili asubuhi. Theluji nyepesi, ya kwanza.

Sijui nitasema nini. Nimejaribu kuandika mara tatu na kila mara inakuwa somo: sumaku, meno, zamu. Hawatasikiliza somo. Mimi ningekuwa wao, nisingesikiliza. Watacheka, kisha watakasirika, kisha watahesabu mikono iliyoinuliwa, na Tefft ana mikono mingi.

Nichols tayari amepita kuelekea darajani kumchukua Asahel. Amebeba pingu. Kwa mtu mwenye goti bovu!

Huldah amenipigia koti pasi. Ameweka daftari la Jumatatu juu ya meza, limefunguliwa, na kile kipande cha zinki kilichokatika juu yake.

Ngazi iko kando ya kabati la betri. Futi kumi na mbili. Haiwezekani kuificha, na kila mtu mjini anazijua zile herufi kwenye mguu wake. Hadi Alhamisi mtu lazima azizungukie taa za ng'ambo kila jioni kwa mkono na moto, na mtu huyo si mimi.

Leo, kabla ya saa nne: beba ngazi ya Asahel begani, uipitishe barabara kuu, uingie nayo mkutanoni kwa mlango wa mbele, umkabidhi.